Jembe Lisilo na Mpini

Loisi alikuwa na ugonjwa wa kutotulia. Sisemi ugonjwa wa kupelekwa hospitali, hapana. Ni ule wa kuamka kabla ya jogoo, kuvaa haraka haraka na kutoka kwenda kuangalia foleni ya malori imefika wapi. Tunduma nzima ilishamzoea. Mama wauza chai wa karibu na kizuizi wakimwona anapita na koti lake la buluu, faili kwapani, waliambiana, "Huyo anapita, washa jiko."

Alikuwa karani katika ofisi ya wakala wa forodha, mali ya mfanyabiashara aitwaye Ngassa, hatua chache kutoka mpakani. Kazi yenyewe ni hii: lori linatoka Dar es Salaam na mzigo wa Zambia au wa Kongo, na halivuki hadi karatasi zake zikamilike. Sasa karatasi hazijikamilishi zenyewe. Lazima awepo mtu wa kuzijaza, kuzipeleka dirishani, kuzifuatilia, kuzigombea, kuzirudisha kwa kosa la tarakimu moja, na kuzipeleka tena. Ofisini palikuwa na ubao mweupe ukutani; kila lori liliandikwa namba yake, na pembeni jina la karani anayelishughulikia. Nusu ya ubao ilikuwa Loisi, Loisi, Loisi. Nusu iliyobaki waligawana watu wanne.

Miaka sita alifanya kazi hivyo, na usidhani ilikuwa kwa mapenzi ya karatasi. Mwaka ule, 2011, Ngassa alikuwa anafungua ofisi ya pili ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia, na ofisi hiyo ingehitaji meneja. Kiti cha meneja kilishanunuliwa kabisa. Cheusi, kina magurudumu, kimefungwa nailoni, kimesimama kwenye pembe ya stoo kinamngoja mwenyewe. Loisi akiingia stoo kuchukua karatasi alikigusa. Akikosa sababu ya kuchukua karatasi, aliibuni. Alikitaka kile kiti, jamani, alikitaka hadi kikawa kinamjia usingizini.

Na Ngassa je? Ngassa alikuwa Msukuma wa miaka arobaini na mitatu. Wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka Shinyanga wakateremkia bonde la Kamsamba, naye alianza kwa kuuza ng'ombe minadani akiwa na fimbo na kandambili. Sasa alikuwa na malori kumi na manane, duka kubwa la zana za kilimo, na ofisi hii. Mkewe alifariki miaka minne nyuma. Pesa hazikumtia usingizi. Saa moja asubuhi alishakuwa mlangoni, anamsalimia kila mtu kwa Kiswahili isipokuwa Loisi. Huyo alimwambia, "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya kwao Usukumani, na Loisi alijifunza kuitikia vilevile.

Ilianza siku mtandao wa forodha ulipokufa siku tatu mfululizo. Makarani wengine walikaa wakasinzia, Loisi akawa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni. Ngassa akatokea na mahindi mawili ya kuchoma.

"Hivi wewe huwa hukai?"

"Nikikaa naumwa, bosi."

"Hata mimi," akasema Ngassa, akampa hindi moja, na wakaanza kutembea wawili.

Basi damu zikapatana. Loisi alimwambia kwamba malori yake yanalala barabarani kwa uzembe wa ofisi yake mwenyewe: karatasi zinasafiri na dereva, wakati zingeweza kutangulia kwa basi na kukuta kila kitu tayari. Mwingine angenuna. Ngassa alicheka, akajaribu, na malori yakaanza kuvuka siku mbili mapema. Kutoka hapo akawa anamuuliza kila kitu. Jumapili walienda Vwawa kula samaki, wakagombania kichwa. Hakuna aliyewahi kumsikiliza Loisi namna ile, na Loisi akapenda, akapenda kweli, si utani. Ila alimwekea sharti moja.

"Ofisini mimi ni karani wako. Usinibebe. Nakonde niipate kwa mikono yangu au niikose."

"Nimekuelewa," alisema Ngassa. "Na nikuambie ukweli, hakuna wa kukushinda."

Ofisini walijua, wangekosaje? Rosemary wa mapokezi alikuwa na macho manne. Wilbard, karani mwenye tai, mtu mpole anayeandika polepole hadi unatamani umsukume mkono, alijua akanyamaza. Kila asubuhi Loisi aliandika jina lake kwenye ubao mara nyingi zaidi, mtu asije akasema anapendelewa.

Ikafika Juni, msimu wa kuchuma kahawa. Nyumbani kwao Loisi ni Hasamba, kule Mbozi, na baba yake, mzee Ezron, alikuwa anaumwa mguu. Ngassa akasema ana safari ya Vwawa na pikapu, atampitisha akamsalimie. Sasa Ngassa si mtu wa kuingia kwa watu mikono mitupu. Alipita dukani kwake akachukua mfuko wa sukari, kitenge cha mama, na jembe jipya. Jembe bado lina mafuta ya kiwandani na karatasi yake, chuma kitupu bila mpini, kwa sababu ndivyo yanavyouzwa dukani. Mpini kila mtu anachonga kwake.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, na yeye wala hajui.

Wanyiha wa Hasamba ni wajukuu wa watu waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe, na kwa wazee wao jembe lisilo na mpini, likiletwa na mwanamume kwenye nyumba yenye binti, si zawadi. Ni swali. Mkiliacha mlangoni hadi mgeni anaondoka, atalichukua na jibu lake amelipata. Mama akiliingiza ndani na baba akalitia mpini, binti ameposwa. Siku hizi vijana wanaandika barua ya posa na kuipaka manukato, lakini wazee hawakusahau.

Loisi alikuwa jikoni anasonga ugali. Alipotoka na beseni la maji ya kunawa, alikuta jembe liko mapajani mwa mama yake, Yunisi, na Yunisi anamtazama binti yake machoni, hasemi neno. Mzee Ezron alikohoa mara mbili. Ngassa wa watu alikuwa anasifia kahawa.

Ilihitaji sentensi moja tu: mama, hiyo ni zawadi ya dukani, huyu Msukuma hajui. Sentensi hiyo ilimfika Loisi kwenye meno. Akaimeza. Nitasema kwa nini: alifurahi. Alimwangalia Ngassa amekaa kwenye kigoda cha kwao, suruali ya gharama imejaa vumbi jekundu, akataka awe wake. Akamnawisha mikono. Mama akainuka, akaingia ndani na jembe.

Wiki mbili baadaye mama mmoja wa Hasamba, muuza maparachichi, aliingia dukani kwa Ngassa, akapiga goti, akamwita mkwe wetu. Ngassa akashangaa, akauliza, akaelezwa. Alicheka hadi akashika kaunta. Kisha akaja mbio ofisini, mtu mzima na kitambi chake, akamwita Loisi chumbani kwake.

"Kumbe nimeshaposa! Na wewe umenyamaza kimya!"

Loisi aliona aibu, uso ukamwaka. "Kama hukukusudia, nitawaambia nyumbani."

"Uwaambie nini? Tangu Pasaka natafuta maneno, jembe limenisemea. Wakimaliza kuvuna kule bondeni naleta ng'ombe."

Loisi alicheka na kulia kwa pamoja. Siku tatu alitembea hagusi chini. Hata foleni ya malori alisahau kwenda kuiangalia asubuhi moja, na mama wauza chai wakachelewa kuwasha majiko.

Jumatatu kikao kikaitwa. Ngassa alisimama mbele ya ubao, akawashukuru wote, akasema ofisi ya Nakonde inafunguliwa mwezi ujao na meneja wake atakuwa Wilbard.

Wilbard mwenyewe aliangalia nyuma kama kuna Wilbard mwingine. Rosemary akamwangalia Loisi. Loisi akaangalia ubao, Loisi, Loisi, Loisi. Kikao kilipokwisha akamfuata Ngassa chumbani kwake.

"Kuna nini, Ngassa? Nimekosea wapi?"

"Hujakosea popote, kaa."

"Sikai!"

Ngassa akashusha pumzi. Alikuwa mtulivu, na utulivu ule ndio uliomuudhi zaidi. "Loisi, mke wangu akasimame dirishani Nakonde anagombana na madereva? Watasema Ngassa ameshindwa kumlisha. Tena meneja ni mtu ambaye akiharibu namfokea, akizidi namfukuza. Wewe nitakufokea vipi halafu turudi nyumba moja? Mimi nina biashara pale, si mchezo."

"Uliniahidi hutanibeba."

"Sijakubeba."

"Umeniangusha, basi!"

"Usingekuwa mke wangu ungekuwa meneja tangu jana," akasema Ngassa, na alisema kwa dhati, hakuwa anampoza. "Wilbard hakufikii hata kisiginoni. Lakini wewe utakuwa na vyote vyangu, Loisi. Kiti kimoja kitu gani?"

 Loisi angemweleza vipi? Alitoka nje akatembea. Alipita kwenye malori ya shaba, akapita matenki ya mafuta, akafika mji wa Mpemba kwa miguu, akageuka akarudi. Wiki ile alikuwa mtu wa kuanza kitu na kukiacha. Anachemsha chai, hainywi. Anafungua faili, analifunga. Akipita stoo macho anayaelekeza kwingine, na kiti kile kile kiko pale na nailoni yake. Kilichomtafuna ni kwamba Ngassa hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya angemtukana akapumua. Na kila asubuhi, "Mwangaluka," kwa sauti ileile, na yeye anaitikia, na moyo unaruka uleule, mjinga mkubwa.

Jumamosi akaenda Hasamba.

Alimkuta mama yake shambani, anapalilia kati ya mibuni. Jembe lilikuwa lilelile, sasa lina mpini wa mti mweupe uliolainishwa vizuri. Loisi alisimama mbele yake.

"Umekonda," akasema Yunisi. "Kuna nini?"

Loisi akamwaga yote pale pale kati ya mibuni: Nakonde, kiti, Wilbard, maneno ya Ngassa. Yunisi alisikiliza huku anapalilia, hadi mstari ukaisha.

"Mimi nilichaguliwa kwenda kusomea uuguzi," akasema. "Sijakuambia?"

"Hujawahi, mama."

"Nilikuwa na sanduku limefungwa. Nikaenda mtoni kufua nguo za safari, niliporudi nikamkuta babu yako amekaa uani anachonga mpini. Sikumuuliza wa nini. Nikafungua sanduku, nikatoa nguo." Akafuta jasho. "Mimi hawakunipa hata nafasi ya kunyamaza. Wewe ulisimama na beseni ukalitazama jembe, ukanyamaza. Ndiyo maana nikaingia nalo ndani. Nikasema, huyu wangu amejibu mwenyewe."

"Nilinyamaza kwa sababu nampenda."

"Bado unampenda?"

"Nampenda, mama! Ndiyo shida yenyewe. Ningekuwa simpendi ningekuwa nimelala."

 Yunisi akageuza jembe, akaubamiza mpini kwenye jiwe, mara moja, mara mbili. Mzee Ezron akatokea anachechemea.

"Yunisi! Unafanya nini? Jembe likishalima halirudishwi!"

"Limelima shamba langu. Loisi hajalima kitu nalo." Akabamiza mara ya tatu, chuma kikaanguka majanini.

"Tutaonekana watu wa namna gani sisi?"

"Tutaonekana wazazi wa Loisi," akasema Yunisi.

 Mzee aliangalia mpini ule ulioko mkononi mwa mkewe. "Nipe huo basi," akasema. "Siku mbili nimeuchonga." Akauchukua, akarudi nao nyumbani bila neno jingine, na kwa mzee Ezron hiyo ndiyo baraka yenyewe.

Jembe la kurudishwa lina masharti yake. Linarudishwa mchana kweupe, halifungwi kitu, na mwenye kulirudisha halifichi. Jumatatu alfajiri Loisi alipanda gari la Tunduma, jembe mapajani, udongo bado umeshika. Akina mama wawili wa Kinyiha waliokuwa kiti cha mbele waligeuka, wakaona, wakageukia barabara. Walikuwa wakipiga soga tangu Vwawa. Hawakusema tena hadi Tunduma.

Aliingia ofisini saa moja. Makarani wote walikuwepo. Ngassa alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake na kikombe cha kahawa.

"Mwangaluka," akasema.

Loisi hakuitikia. Alimpita, akaingia chumbani, akaliweka jembe juu ya meza ya Ngassa, juu ya karatasi zake, udongo ukadondoka. Ngassa alilitazama. Alishafundishwa maana yake na mama wa maparachichi, hakuhitaji mkalimani. Simu ya mapokezi ikaita, ikaita, Rosemary hakuipokea.

Ngassa alinyoosha mkono afunge mlango. "Uache wazi," akasema Loisi. "Hili halirudishwi kwa siri."

"Kwa ajili ya kiti?"

"Kwa ajili ya kiti." Loisi akamgeukia. "Nakupenda, Ngassa, usije ukasema sikukwambia. Kosa ni langu, nilinyamaza siku ile nikiwa na neno mdomoni. Lakini kile kiti nimekikimbilia miaka sita. Nikikaa kwako nikimwangalia Wilbard anavuka mpaka na funguo zangu, nitakuchukia. Mwaka hautaisha nitakuwa nimekuchukia."

"Ningeweza kukufukuza kazi leo hii."

"Unaweza."

Wilbard alikuwa anaangalia viatu vyake. Ngassa akaweka kikombe chini taratibu.  Huyu ni mtu aliyefanya biashara ya ng'ombe miaka ishirini bila kuandikiana na mtu, neno lake lilikuwa ndiyo karatasi yake.

"Nilisema nini wiki iliyopita?" akauliza. "Nilisema usingekuwa mke wangu ungekuwa meneja. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema."

"Basi si mke wangu." Akageuka. "Wilbard, lete funguo za Nakonde."

Wilbard alizitoa upesi kuliko alivyowahi kufanya kitu chochote katika ofisi ile. "Afadhali, bosi," akasema, "mama watoto alikuwa hataki kabisa nivuke." Kuna aliyetaka kucheka, akaghairi.

Ngassa alizichukua, akaziweka juu ya meza karibu na jembe. Hakumpa mkononi. "Utaanza Jumatatu ijayo, meneja," akasema, na Loisi alipozichukua akatoka, safari hii mlango akaufunga.

Watu wakasema, kwani Tunduma watu wanakosa la kusema? Wengine walisema ana kichwa, wengine walisema hana kichwa. Rosemary, ambaye kumbe alikuwa na moyo, alimpigia Loisi siku mbili baadaye kumwambia kwamba jembe liko palepale mezani. Mfagiaji alitaka kulifuta udongo, Ngassa akamwambia aliache.

Jumatatu Loisi alivuka. Dereva mmoja Mzambia aliyekuwa akishughulikiwa naye miaka yote alimpungia mkono kutoka dirishani mwa lori, akamsalimia kwa Kibemba, "Mulishani, ba meneja!" Loisi akajibu, "Bwino," akacheka, na kicheko kikaishia njiani. Alifungua ofisi kwa mkono wake. Kiti kilikuwa kimeshaletwa, kiko nyuma ya meza. Akachana nailoni yote, akaikunja, akakaa. Kilikuwa kizuri. Kilikuwa kizuri kama alivyokiota, kinazunguka bila kelele, na miaka sita yote ilikuwa pale chini yake.

Saa moja kamili simu ikaita. Aliijua namba.

"Habari za asubuhi, meneja," akasema Ngassa.

Loisi alishika simu kwa mikono miwili. "Mwangaluka," akasema.

 Upande wa pili alisikia kalamu ya Ngassa ikibofywa, inafunguka, inafungwa, kama anavyofanya akiwa na jambo. Loisi akasubiri. Kalamu ikanyamaza.

"Malori mangapi, meneja?"

"Kumi na moja, bosi. Saba yameshavuka."

"Vizuri. Kazi njema." Akakata.

Loisi alikaa kwenye kiti chake, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke kwa kuwa hakukuwa na mtu. Kisha akajifuta kwa mkono wa koti, akainuka, akachukua faili, akatoka kwenda kuangalia yale malori manne yamefika wapi.